Nani Atanitakasa? Uamsho, Maungamo na Swali la Utakaso Kando ya Ziwa Victoria

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa ufukweni, mashariki ya mji wa Mwanza, alitujia mama mmoja aliyefiwa na mumewe mvuvi. Arobaini ilikuwa imekwisha pita. Wakwe zake walikuwa wamemwambia kwamba hawezi kushika jembe katika shamba la ukoo, wala kukaribia mtumbwi wa marehemu, wala kuingia katika nyumba za wanawe waliooa, mpaka atakaswe kwa desturi. Naye alijua desturi hiyo ni kulala na mwanamume atakayetafutwa na wazee. "Baba Mchungaji," alisema, "nimewakatalia, maana mmetufundisha kuwa ni dhambi. Sasa mimi nitatakaswa na nani?"

Tulimjibu upesi. Tulimwambia kwamba damu ya Yesu imekwisha kumtakasa, tukamsomea Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya kwanza, tukaomba naye, akaaga. Kwa mafundisho jibu letu halikuwa na kasoro. Lakini aliondoka na uso uleule aliokuja nao, na jambo hilo halijatutoka moyoni hata leo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali la mama yule ni la zamani kama Ukristo wenyewe katika nchi za Ziwa, na kwamba makanisa yamelijibu kwa namna mbalimbali, mara nyingine vizuri kuliko tulivyomjibu sisi. Sehemu kubwa tutaitoa kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, kwa sababu huko ndiko Wakristo wa Kiprotestanti wa kando ya Ziwa walikolikaribia jibu kuliko wakati mwingine wowote.

Yafaa kwanza tuliangalie neno lenyewe. Kutakasa ni kufanya kitu kitakate, yaani kiwe cheupe, kisiwe na taka. Pembeni yake Kiswahili kina neno tohara lililotoka Kiarabuni, na kinyume cha yote mawili ni unajisi. Katika mahubiri yetu tumezoea kuyatumia maneno haya kana kwamba yana maana moja tu, ile ya kuondolewa dhambi. Lakini Msukuma au Mkerewe wa kizazi cha babu zetu alipozungumza juu ya unajisi hakuwa na maana ya kosa la dhamiri peke yake. Chukua mfano wa mapacha. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika mwaka 1944 juu ya sherehe za Kisukuma ziitwazo mabasa, zinazofanywa wanapozaliwa mapacha. Mama aliyejifungua mapacha hakumkosea mtu yeyote. Hata hivyo kuzaliwa kwao kulihesabiwa kuwa jambo zito lililowagusa wazazi, jamaa na hata mashamba, na lisingeweza kuachwa hivi hivi. Mwuaji aliyerudi kutoka vitani naye alikuwa na hali kama hiyo, ingawa ukoo ulimsifu kwa ushujaa wake. Mjane vivyo hivyo: hakuna aliyemshitaki kwa kosa, bali kifo kilikuwa kimemshika, na alitakiwa atolewe katika mikono ya kifo na kurudishwa kati ya walio hai.

Msomaji wa Agano la Kale hatashangaa. Mambo ya Walawi sura ya 12 inamhusu mwanamke aliyezaa, na Hesabu sura ya 19 inamhusu mtu aliyegusa maiti. Wote wawili si wakosaji, na wote wawili wanatakaswa kabla ya kurudi katikati ya kusanyiko. Tunalisema hili si kwa kutetea kila kilichofanyika katika ukoo. Tunalisema kwa sababu mhubiri anayedhani kwamba mjane anauliza juu ya dhambi, wakati yeye anauliza juu ya kifo, atatoa jibu sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa.

Wamisionari walifika kusini ya Ziwa mapema. Watu wa CMS waliwasili Kageyi mwaka 1877, na mwishoni mwa mwaka huohuo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mapadre Weupe walianzisha kituo cha Bukumbi mwaka 1883. Mwaka 1888 CMS ikafungua Nassa, na Alexander Mackay, aliyeondoka Buganda, alifariki Usambiro mwezi Februari 1890. Nassa ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo likakua kanisa ambalo leo ni kubwa katika Usukuma. Upande wa magharibi wa Ziwa, Ernst Johanssen wa misioni ya Betheli alifika Bukoba mwaka 1910 na kuwakuta Wahaya ambao tayari walikuwa wakisoma Injili waliyoipata kutoka Buganda. Wao ndio mzizi wa ushuhuda wa Kilutheri katika nchi za Ziwa.

Misioni hizi hazikufanana, lakini juu ya jambo letu zote zilianza mahali pamoja, yaani kukataza. Matambiko ya mapacha, ya mjane na ya mwuaji yaliwekwa katika kapu moja lililoandikwa ushirikina. Kilichotofautiana ni kile kilichotolewa badala yake. Mkatoliki wa Bukumbi alipewa kitubio masikioni mwa padre, na maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Mprotestanti wa Nassa au wa Bukoba alipewa mafundisho ya ubatizo, na baada ya ubatizo alipewa nidhamu ya kanisa.

Hapa sisi Walutheri tunapaswa kujitazama kwa uangalifu, kwa sababu urithi wetu haukuwa maskini kiasi hicho. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lidumishwe makanisani, ingawa halimlazimishi mtu kuhesabu makosa yake yote. Luther aliingiza katika Katekisimo Ndogo, toleo la mwaka 1531, mafundisho mafupi ya namna ya kuungama mbele ya mchungaji. Na juu ya ubatizo alifundisha kwamba maji yale hayamalizi kazi yake siku moja: kila siku utu wa kale unazamishwa kwa toba, na kila siku mtu mpya anatoka majini. Utakaso, kwa mafundisho hayo, ni jambo la kila siku la Mkristo wa kawaida, awapo jikoni, shambani au mtumbwini. Lakini maungamo ya mtu mmoja mmoja yalikuwa yamefifia huko Ulaya muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya wamisionari kung'oa nanga. Kilichofika kwetu ni maungamo ya pamoja ya Jumapili, yanayosomwa kwa dakika moja au mbili, na daftari la nidhamu.

Daftari hilo lina historia ambayo haijaandikwa ipasavyo. Kutengwa na kurudishwa kundini kulikusudiwa kuwa njia ya kumponya mkosaji. Lakini mchungaji yeyote aliyewahi kufungua vitabu vya zamani vya usharika anajua ni majina ya nani yaliyojaa humo: wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Mwanamume aliyehusika mara nyingi hayumo, kwa kuwa mwili wake hauonyeshi ushahidi. Mlaji rushwa hayumo. Msichana alisimama mbele ya washarika, akaungama, akapokelewa. Na wote walijua kwamba alichotakaswa ni aibu ya usharika zaidi ya moyo wake mwenyewe. Kwa namna fulani tulikuwa tumerudi kwenye unajisi wa ukoo, ila bila ile karamu ya ukoo iliyomrudisha mtu kwa furaha.

Katika hali hiyo Uamsho ulifika. Masimulizi ya chanzo chake yanajulikana na wengi: mwaka 1929 Dkt. Joe Church, mganga wa misioni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, na watu hao wawili, Mwingereza na Mganda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya thelathini moto ulienea kutoka Gahini hadi Kigezi, Ankole na Buganda. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifariki Januari 1936, na wito wake kwa Kanisa wa kuamka ulisikika zaidi baada ya kifo chake kuliko kabla. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya Uamsho, William Nagenda akiwa mmoja wao. (Walimu wa vyuo vyetu wangefanya vema kuikumbuka habari hiyo kila wanapochoshwa na wanafunzi wenye ari.)

Kufikia mwaka 1939 Uamsho ulikuwa umegusa chuo cha ualimu cha Katoke, kando ya magharibi ya Ziwa, na kutoka huko na kutoka Uganda ukaingia kwa Walutheri wa Buhaya. Wakati nao ulikuwa wa pekee. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa katika kazi. Wasweden waliokuja kuchukua nafasi zao walikuwa wachache, miongoni mwao Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942. Kwa hiyo watu walioamua nini kifanywe na moto huu walikuwa hasa Wahaya wenyewe, wachungaji, wainjilisti, walimu na wake zao.

Walifanya nini? Walikusanyika kila juma nyumbani kwa ndugu mmoja, au kanisani, au chini ya mti. Walisoma sehemu ya Maandiko, kisha mmoja baada ya mwingine akasimama na kusema jinsi alivyotembea na Mungu tangu walipoonana. Mambo yaliyosemwa yalikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo penye nguvu yake: hasira juu ya mke, wivu juu ya jirani mwenye migomba mizuri, senti zilizochukuliwa katika sanduku la shule, jembe la mwajiri lililofichwa, hirizi iliyohifadhiwa darini. Aliyeungama aliimbiwa kiitikio cha Kiganda kiitwacho Tukutendereza, ambacho asili yake ni wimbo wa Kiingereza na ambacho kinamsifu Yesu kwa damu inayosafisha. Kisha alitakiwa kurudisha. Jembe lilibebwa kurudi kwa mwenyewe, senti zikahesabiwa mezani pa mwalimu mkuu, hirizi ikaletwa na kuchomwa mbele ya wote. Waliita hali hiyo kutembea nuruni.

Mafundisho haya yalikuwa na damu ya Keswick ndani yake, yaani ule mkutano wa Uingereza ulioanza mwaka 1875 na kusisitiza maisha ya utakatifu. Lakini ndugu wa Afrika Mashariki waliugeuza urithi huo. Keswick, kama ilivyoeleweka na wengi, ilizungumzia hatua kubwa ya pili ambayo Mkristo anaivuka mara moja. Ndugu wa Uamsho walisema hakuna hatua ya kuivuka na kuiacha nyuma; kuna msalaba wa kuurudia leo, na kesho tena, kila moyo unapokuwa mgumu. Roy Hession, Mwingereza aliyejifunza kutoka kwao baada ya vita, aliyapeleka mafundisho hayo duniani kwa kitabu chake kidogo cha mwaka 1950, The Calvary Road. Mlutheri anayekisoma atakutana na jambo analolijua. Ni ule ubatizo wa kila siku wa Katekisimo, uliokuwa umekaririwa na vijana wa kipaimara kwa miaka mingi bila kujua kwamba ni jambo la kutenda.

Tena Uamsho uligusa lile swali la ukoo. Mtu aliyeungama hakusamehewa peke yake chumbani, alipokelewa. Askofu Josiah Kibira, mwana wa Buhaya na mmoja wa waliookoka katika Uamsho, ambaye aliongoza dayosisi yake tangu mwaka 1964 na baadaye kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alilitafakari hilo katika kitabu chake cha mwaka 1974, Church, Clan and the World. Aliona kwamba Mwafrika aliyeokoka anahitaji ukoo, na kwamba Kanisa lisipokuwa ukoo kwake atarudi kwenye ule alioutoka. Ndugu wa Uamsho walikuwa ukoo wa namna hiyo: walioana, walilipiana ada, walizikana.

Kando ya mashariki ya Ziwa ushuhuda ni huohuo. Wamenoni walianza kazi Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 Uamsho ukawafikia. Zedekia Kisare, ambaye baadaye alikuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika, amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi wamisionari na wenyeji, Wajaluo na makabila mengine, walivyoungamiana. Mtu anayefahamu jinsi meza ya mmisionari ilivyokuwa mbali na ya mwenyeji katika miaka hiyo ataelewa uzito wake. Mwafrika alikuwa amezoea kuungama kwa Mzungu. Mzungu kuungama kwa Mwafrika, tena juu ya kiburi cha rangi yake, kulikuwa jambo jipya chini ya mbingu za Mara.

Mwanza ulikuwa kati ya pande hizi mbili. Reli ilifika mjini mwaka 1928, na meli ziliunganisha Bukoba, Mwanza na Musoma. Kwa njia hizo walikuja makarani, walimu, wachuuzi wa kahawa na wa samaki, na miongoni mwao walikuwamo ndugu. Ushirika wa nyumbani ulisafiri kwa urahisi kuliko misioni, kwa maana haukuhitaji jengo wala kibali. Si ajabu kwamba katika sharika zetu kadhaa za mjini wazee wa kwanza wanaokumbukwa walikuwa watu wa Uamsho waliovuka Ziwa.

Hata hivyo tungekuwa wanahistoria wabaya tukiishia kwenye sifa. Uamsho ulikuwa na udhaifu mbili ambazo kwa maoni yetu zilitoka katika shina moja. Wa kwanza ni kwamba maungamo yalijengewa kanuni. Kilichoanza kama uhuru wa kusema kikawa wajibu wa kusema, na asiyekuwa na la kuungama juma hilo alitiliwa shaka. Huko Uganda, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kundi la waliojiita walioamka tena, likiongozwa na Yona Mondo, lilijitenga na ndugu zake na kukaza masharti juu ya mikopo na mavazi. Kwetu nako tuliwaona wazee wema waliopima wokovu wa mtu kwa urefu wa gauni la binti yake.

Udhaifu wa pili ni wa kitheolojia zaidi. Ndugu aliyeungama aliimbiwa, hakutamkiwa ondoleo. Mara nyingi wimbo ulitosha. Lakini ikawaje kama ndugu walisita kuimba, au wakaimba kwa baridi, au kama mtu mwenyewe hakuhisi furaha iliyotazamiwa? Basi alirudi nyumbani akiwa na mzigo, tena mzigo uliojulikana na watu wote. Luther aliona mbali hapa. Alitaka neno la msamaha litoke nje ya moyo wa mtu, litamkwe na kinywa cha mwingine kwa amri ya Kristo, ili mwungamaji asilazimike kuutafuta uhakika wake katika hisia zake wala katika nyuso za wenzake. Uamsho ulitupa maungamo bila ondoleo, na wachungaji tulikuwa na mamlaka ya ondoleo bila waungamaji. Kila upande ulikuwa na nusu, na kwa miaka mingi pande hizo mbili zilitazamana kwa mashaka.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Tangu hapo swali la kumtakasa mjane halikuwa tena la mila na desturi peke yake. Desturi ambayo Ukerewe na maeneo ya jirani huitwa kusomboka, na zinazofanana nayo miongoni mwa Wajaluo wa pande zote za mpaka, zikawa njia ya kifo. Serikali ilihubiri, hospitali zilihubiri, nasi tulihubiri, na mengi yamebadilika. Lakini tulihubiri juu ya hatari ya desturi. Hatukuuliza ni nini mjane atabaki nacho akiiacha.

Pengo hilo halikukaa wazi. Leo katika miji ya Kanda ya Ziwa, na hata kwenye mialo ya dagaa, mtu anaweza kununua maji ya utakaso, mafuta, chumvi na vitambaa, na wanunuzi wengi ni washarika wetu wanaokuja kwetu asubuhi na kwenda huko jioni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msukumano, wengi wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Wengine wameenda mbali zaidi, kwa waganga wanaoahidi kumsafishia mtu nyota kwa damu ya wengine. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotikisa Mwanza, Shinyanga na Geita kuanzia mwaka 2007, ni doa ambalo Kanisa la Ziwa haliwezi kuligeuzia uso. Ni rahisi kuwalaumu wauza mafuta, nasi twawalaumu. Lakini muuzaji hufungua duka mahali palipo na wateja.

Tumrudie mama yule. Juma moja baadaye tulirudi nyumbani kwake, safari hii tukiwa na mwinjilisti na wanawake wanne wa umoja wa akina mama, wawili kati yao wajane. Tuliwaomba wakwe zake waketi nasi. Tulisoma Zaburi ya 51 na ile sura ya Yohana ambamo Bwana anawaosha wanafunzi miguu. Tulimkumbusha ubatizo wake, tukamwuliza kama ana neno la kusema mbele za Mungu, akasema mambo mawili juu ya marehemu ambayo hayatatoka kwetu. Tukaweka mikono juu ya kichwa chake na kumtamkia msamaha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kisha, kwa jina hilohilo, tukatamka mbele ya wote kwamba kifo cha mumewe hakina dai juu yake. Wale wajane wawili walileta maji katika beseni wakamnawisha uso na mikono, nasi tukala ugali pamoja, mkwewe mkubwa akila sahani moja naye.

Baraza la wazee lilituhoji baadaye. Mzee mmoja, mtu wa Uamsho tangu ujana wake, alisema kwamba beseni lile lilikuwa tambiko lililovaa kanzu, na kwamba damu ya Yesu haihitaji msaada wa maji ya kisima. Mwingine alimwuliza kama alibatizwa kwa maji gani. Mjadala ulichukua saa mbili na haukuisha. Mjane alikwenda shambani Jumatatu iliyofuata.